Hakuna Mume wa Namna Hii

Dobi huyu watu walimwita Jaji, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Mkono ukipiga pasi, mdomo ulikuwa ukihukumu filamu, na vyote viwili vilikuwa vya moto. Kila mwaka, orodha ya wanaowania tuzo za filamu na tamthilia ikishatangazwa, alikuwa hana mazungumzo mengine. Ungemwambia jirani kaungua nyumba, angekuuliza kama umeona waliyemwacha nje ya orodha.

Hukumu zake aliziandika kwa kalamu ya wino kwenye karatasi ya kaki aliyofungia nguo za wateja. Ukichukua shati lako umechukua na maoni yake, utake usitake. Wapo wateja waliosoma karatasi kwanza, ndipo wakakagua kama vifungo vimetimia.

Mwaka huo filamu iliyosifiwa kupita zote ilikuwa "Kapteni Hana Meli". Aliimaliza kwa mistari michache. "Saa tatu nzima. Kapteni analia mara tano, sisi hatulii hata mara moja. Askari wamelala kwenye matope wiki mbili, kola nyeupe pe! Ningependa kumjua dobi wa jeshi hilo." Tamthilia ya vichekesho, "Shangazi Kahamia", aliisifu msimu wa kwanza na kuizika msimu wa pili. "Shangazi alichekesha alipokuwa na shida. Sasa kapata nyumba ya ghorofa na mpishi. Tucheke nini?" Filamu ya mapenzi iliyokuwa ikiliza watu mji mzima haikupata zaidi ya mstari mmoja: "Wapenzi wanagombana mvuani; watu wenye akili hugombana chini ya paa." Na mwigizaji mkongwe aliyeteuliwa kwa mara ya tisa alimwandikia hivi: "Mpeni tu akapumzike, na sisi tupumzike."

Fundi viatu, ambaye kibanda chake kiliegemea ukuta wa duka la dobi, alisomewa zote bila kuleta hata kitambaa cha kufuliwa.

"Jaji, wewe hata mama yako mzazi ungemnyima tuzo," alimwambia.

"Kama hakuigiza vizuri, namnyima. Msema kweli mpenzi wa Mungu."

Ni kazi rahisi kusema kweli juu ya watu wa kwenye kioo. Hawana anwani yako, hawajui ulikolala, na hawawezi kukuuliza na wewe siku ile ulifanya nini. Dobi aliifanya kazi hiyo miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kumgeuzia kibao.

Mwaka huo, miongoni mwa waliowania tuzo ya mwigizaji bora msaidizi wa kike, alikuwemo binti yake. Ndiye mtoto wake wa pekee. Aliigiza katika "Kitanda cha Saba", tamthilia fupi ya sehemu sita kuhusu familia moja inayouguza mama hospitalini. Yeye alikuwa binti wa mgonjwa. Orodha ilipotoka, wateja walimpa dobi mkono kana kwamba ndiye aliyeteuliwa, naye aliupokea mkono kana kwamba ni kweli.

Hakuwa amekosea sana. Msichana huyu alikulia juu ya marobota ya nguo dukani humo, macho kwenye televisheni, baba yake akimweleza huyu analia kweli na yule anapepesa kope tu. Walikuwa wakibishana mpaka mama mtu anakuja kuwatoa kwa chakula. Mama huyo alikuwa amefariki miaka sita iliyopita. Kwa hiyo dobi aliposikia kwamba kila anayewania hupewa kiti kimoja cha mgeni, cha pembeni yake kabisa, hakuhitaji kuambiwa ni cha nani. Suti yake nyeusi aliipiga pasi mara tatu ndani ya wiki moja, ikakaribia kung'aa. Alimwonesha fundi viatu namna atakavyokaa, mguu juu ya mguu, na namna atakavyopiga makofi taratibu hata akishinda mtu asiyestahili, maana kamera zinapita.

Undugu haukumfumba macho, na hilo alijivunia. Alipofika sehemu ya nne ya "Kitanda cha Saba" aliandika hukumu ndefu kuliko zote, na akairudia wiki nzima kwenye kila kifurushi:

"Sehemu ya nne imeharibu kazi nzuri. Mke anakata roho, mume katoka kwenda kutazama ndondi kwenye mgahawa ng'ambo ya barabara. Anarudi mikono juu, anatangaza mlangoni kwamba bondia wake kashinda, kumbe shuka limeshafunika uso. Hakuna mume wa namna hii. Mwandishi katia chumvi hadi sufuria limepasuka. Hajawahi kuuguza mtu. Mimi nimeuguza, najua ninachosema. Mtoto (ni damu yangu, sifichi) analia vizuri, ila anaanza kulia mapema mno."

Siku nne kabla ya tuzo, shemeji yake aliingia dukani na gauni mkononi. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mkewe, mpishi wa shule, mwanamke asiyejua kuzungusha maneno. Nguo zake dobi alimfulia bure tangu zamani, kwa ajili ya undugu.

"Shemeji, hili ni la hariri. Tafadhali usiniunguzie."

"Mimi na kuunguza wapi na wapi?" Dobi alilishika gauni, kijani kibichi, akalitandika mezani na kupunguza moto wa pasi. "Harusi ya nani?"

"Si harusi. Ni tuzo. Mwanao kanialika."

Dobi alicheka. Halafu akaona shemeji hacheki.

"Kiti ni kimoja, shemeji."

"Ndicho hicho."

"Na mimi baba yake nikae wapi? Juu ya paa?"

"Hilo muulize yeye. Mimi sikukiomba. Nimelileta gauni hapa makusudi, usije ukaambiwa na watu wa barabarani." Alifika mlangoni akageuka. "Na nimemwambia, ukikitaka, mimi nakuachia. Ila kasema mpaka azungumze na wewe kwanza."

Dobi alilipiga pasi gauni lile. Alilipiga vizuri, maana hakujua kupiga vibaya, na kila alipofika kwenye mkunjo wa kiuno alijisemea neno moja lisiloandikika. Aliumia. Hakuumia kidogo, aliumia kama mtu aliyefukuzwa kwake mchana, majirani wakitazama. Jioni alimpigia binti simu na kumwambia aje.

Binti alikuja asubuhi yake, mapema, kabla ya wateja.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Dobi hakuinua macho kwenye kola aliyokuwa akiinyoosha. "Nasikia nimestaafishwa ubaba."

Upande wa pili wa ukuta nyundo ya fundi viatu ilikuwa ikigonga kisigino, tap, tap, tap. Binti alitoa kwenye mkoba karatasi ya kaki iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya meza ya pasi.

"Mtunza mavazi wetu alileta makoti yake hapa kwako. Akarudi na hii, akatusomea wote. Mwandishi naye alikuwepo. Watu walicheka sana."

"Kumbe ni hilo! Kwa kuwa nimesema unalia mapema? Mwanangu, ukitaka sifa za uongo nenda kwa wengine. Mimi nimekulea kwa kweli."

"Kulia kwangu sijali. Nauliza hapa." Aliweka kidole juu ya maandishi. "Hakuna mume wa namna hii."

"Hakuna."

"Baba, siku Mama alipofariki ulikuwa wapi?"

Nyundo ilinyamaza.

"Unajua nilikuwa wapi," dobi alisema. "Nilitoka kununua dawa."

Hivyo ndivyo alivyosema siku ya msiba, ndivyo alivyowaambia wakwe zake, ndivyo alivyowaambia wateja waliompa pole. Alikuwa amelisema neno hilo mara nyingi, miaka sita, mpaka halikubaki na kunyanzi hata moja. Dirisha la duka la dawa alikuwa akiliona kabisa, na foleni, na mzee mmoja aliyekuwa akikohoa mbele yake. Hakuna kitu cha namna hiyo kilichopata kutokea.

"Dawa gani?"

"Ya maumivu."

"Duka la dawa lilikuwa humo humo hospitalini, chini ya ngazi. Wewe ulikaa saa mbili na nusu." Binti hakupandisha sauti. "Ilikuwa siku ya tuzo, Baba. Mgahawa wa ng'ambo ulikuwa na televisheni."

Dobi aliiweka pasi wima.

"Mwandishi aliniomba nimpe kitu kimoja cha kweli, hata kidogo, maana sehemu ya nne ilikuwa imemshinda," binti aliendelea. "Nikampa hicho. Yeye ndiye aliyeweka ndondi. Alisema watu hawatakubali kwamba mtu mzima anaweza kumwacha mgonjwa wake akaenda kutazama tuzo za filamu."

Kungekuwa na mtu mwingine mezani pale, huyo angecheka.

"Uliingia mlangoni ukasema neno. Unalikumbuka?"

Alilikumbuka. Lilikuja lenyewe, na sauti yake, na joto la ngazi alizozipanda mbili mbili kwa furaha. Aliusukuma mlango wa wodi kwa bega na kusema, kwa sauti ya kusikika hadi kitanda cha mwisho, "Nilisema! Si nilisema atachukua yule bibi?" Wagonjwa wote waligeuka. Shemeji yake alikuwa ameinama juu ya kitanda akifunga macho ya dada yake. Binti, miaka kumi na sita, alikuwa amesimama na kikombe cha maji na kijiko, hajui pa kuviweka.

"Majina ya wageni yanafungwa leo saa nane mchana," binti alisema. "Mama mdogo yuko tayari kukuachia. Niambie tu ulichosema. Sitaki uwaambie watu. Niambie mimi, hapa, halafu uje ukae na mimi. Nataka uje, Baba. Nani mwingine atanieleza yupi kadanganya?"

Maneno yalimfika dobi kwenye meno. Alihitaji kufungua mdomo tu, mdomo ambao miaka ishirini haukuwahi kumshinda kufungua. Lakini nyuma ya ukuta nyundo ilikuwa bado imenyamaza, na yeye alikuwa Jaji, na binti alikuwa akimtazama kwa macho ya mama yake. Akajikaza kisabuni.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Ulikuwa umechoka, hukulala siku ngapi zile. Hukumbuki vizuri. Nilitoka kununua dawa."

Binti aliikunja karatasi yake mara nne, akairudisha mkobani.

"Haya, Baba. Gauni la mama mdogo liko tayari?"

Dobi alilishusha rafuni, akampa kwa mikono miwili. Karatasi aliyolifungia haikuwa imeandikwa kitu.

Nyani haoni kundule, na hilo si kosa lake, hana shingo ya kulifikia. Huyu wetu alioneshwa la kwake kwenye kioo, rangi kamili na muziki juu, akachukua kalamu akaandika kwamba halipo. Alipoitwa pembeni na mwanawe na kusogezewa kwa upole, akaliruka tena.

Jumamosi alasiri duka lilijaa. Kila mwaka watu walikuja kutazamia tuzo kwa dobi, kwa ajili ya maoni yake zaidi kuliko kwa ajili ya televisheni, iliyokuwa ndogo na imewekwa juu ya rafu ya vifurushi. Mwaka huu walidhani watakuta kafunga. Walipomwona amekaa kwenye stuli yake, na shati la kazi, walishangaa.

"Jaji! Si ungekuwa ukumbini saa hizi?"

"Kiti kimoja," alisema. "Nimemwachia shemeji. Wanawake ndio wenye kupenda mambo ya magauni."

Walimsifu. Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wa siku nyingi, alisema baba kama hao wamebaki wachache. Mama mwenye saluni alimletea soda. Dobi aliinywa yote.

"Kapteni Hana Meli" ilichukua tuzo mbili za mwanzo. Watu walizomea kwa kumfurahisha mwenyeji wao, wakamgeukia wapate hukumu. Alisema, "Sawa tu." Mkongwe wa mara tisa alishinda hatimaye, akapanda jukwaani akishikiliwa mkono. "Jaji, sasa atapumzika?" Alisema, "Mwacheni mzee wa watu." Walianza kutazamana. Walidhani ni wasiwasi wa mzazi.

Ikafika zamu ya waigizaji wasaidizi wa kike. Kwa kila mmoja ilioneshwa sehemu ya kazi yake. Wa kwanza alikuwa akipiga kelele kwenye mvua. Wa pili alikuwa akishona jeraha la askari. Kisha ikaja wodi, kitanda, na msichana aliyesimama na kikombe na kijiko. Mlango ukasukumwa kwa bega. Mwanaume akaingia mikono juu, uso unawaka kwa furaha, akatangaza ushindi wake, na kamera ikabaki kwenye uso wa msichana.

Duka zima liliguna.

"Mshenzi mkubwa!" alisema mama wa saluni.

"Huyu hata kumzika hazikwi. Anatupwa."

"Mimi ningekuwa ndugu wa mke, asingetoka wodini na meno."

"Lakini Jaji," mwalimu aliuliza, "si uliandika hakuna mume wa namna hii?"

"Niliandika," dobi alisema.

Fundi viatu peke yake hakutukana. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, anatazama vidole vyake vilivyoingia gundi. Dobi alimtazama, na fundi akazidi kuvitazama vidole.

Bahasha ilifunguliwa. Lilisomwa jina la binti yake.

Kelele zilizopigwa zilitikisa mpaka henga za nguo. Walimkumbatia, wakampiga mgongoni, wakamwaga soda juu ya mashuka ya mtu. Kwenye kioo binti alikuwa ameinuka, na shemeji katika kijani chake alikuwa amemshika mashavu kwa mikono miwili, pale ambapo pangekuwa na suti nyeusi. Kisha akapanda ngazi.

"Nyamazeni! Anashukuru! Tusikie anavyomtaja baba!"

Walinyamaza. Ukumbini mshindi hupewa dakika moja, na muziki huingia ikiisha. Saa yenyewe iko chini ya jukwaa na watazamaji hawaioni, lakini dobi alikuwa amezihesabu hotuba hizo kwa midomo tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Alianza kuhesabu bila kutaka.

Binti alimshukuru mwandishi. Alimshukuru mwongozaji na wenzake wote wa wodini. Kumi na tano. Ishirini.

"Namshukuru mama yangu," alisema, "ambaye mpaka mwisho alikuwa akitazama mlango." "Na mama yangu mdogo, ambaye alikuwepo."

Arobaini na moja.

Hapo alinyamaza. Hakushuka. Alisimama na tuzo yake kifuani na kutazama moja kwa moja kwenye kamera, kama mtu aliyeuliza swali na bado anasubiri. Dukani watu walikuwa wamesogea mbele, midomo wazi, tayari kushangilia. Dobi naye alikuwa amefungua mdomo. Aliufungua kabisa mbele ya televisheni, na kilichotoka kilikuwa pumzi.

Binti aliinamisha kichwa kidogo, akasema asanteni, akashuka. Alikuwa ameshafika kwenye kiti chake muziki ulipoanza.

"Ah! Wamemkatisha!" mama wa saluni alipiga paja. "Alikuwa anakuja kwa baba, jamani, mmeona? Ndiyo alikuwa anafika kwa baba!"

"Watu wa tuzo hawana adabu kabisa," mwalimu alisema, akamwekea dobi mkono begani. "Usiweke moyoni, Jaji. Ni muda tu umembana."

Dobi alikuwa bado anatazama kioo, ambako sasa walikuwa wakitangaza sabuni.

"Hawakumkatisha," alisema. "Zilibaki sekunde kumi na tisa. Nimezihesabu."